Dawa Haikuharibika Mtungini

Cheyo, Tabora
Jumapili, baada ya alasiri

Mwanangu Zainabu,

Dawa haikuharibika. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka. Nitakuuliza hali kana kwamba hulali chumba cha pili, nitakuombea dua ndefu, karatasi itajaa nami sijasema kitu. Na wewe ungeisoma yote kwa adabu, ndivyo ulivyo. Basi lishike hili kwanza: ile dawa yangu ya sukari uliyoiacha mtungini ulipokwenda Lusu haikuharibika, mchanga haukukauka, na wewe hukusahau chochote. Mimi ndiye ambaye sikujichoma sindano. Na sikusahau. Niliamua.

Nimeliandika, na nimeweka kalamu chini kidogo kabla ya kuendelea. 

Nipo karakana, nimesukumia maranda pembeni ya benchi nipate pa kuweka karatasi. Mambo ya safari ya kesho sikuandikii. Mama yako ameshakwambia ufunge begi kwa kamba, usile cha mtu kwenye basi, na ukifika Tunduru kwenye ajira yako uripoti ofisini kabla hujatafuta chumba. Habari ya chandarua nimemsikia akikwambia mpaka nimeikariri mimi. Shangazi yako naye aliongeza ya kwake kule Lusu, ya wanaume nadhani, kwa jinsi ulivyorudi ukicheka peke yako. Kwangu mimi una jambo moja tu, na ni hili ambalo nimeshindwa kukwambia uso kwa uso tangu nilipotoka hospitali.

Ulipokuwa unajiandaa kwenda kumuaga shangazi yako, ulinikalisha kwenye benchi hili hili ukanipa nyanya. Ulisema, "Baba, nikiondoka wiki hii nani atakuchoma? Mama akiona sindano anafumba macho." Ukanionyesha kuvuta dawa kwenye bomba, kutoa mapovu, kubana nyama kidogo na kuingiza. Niliichoma ile nyanya vizuri mno. Ukacheka, ukasema nyanya imepona. Nami nilicheka. Nakumbuka nilicheka, na ndiyo maana sielewi, kwa sababu wakati nacheka nilikuwa nimeshajua kwamba sitafanya.

Asubuhi ya kwanza nilitoa chupa mtungini. Mchanga ulikuwa umelowa, mtungi baridi, kila kitu kama ulivyokiacha. Nikavuta dawa kipimo chake, nikatoa mapovu, halafu nikaisukumia yote kwenye maranda. Jioni hivyo hivyo. Kesho yake hivyo hivyo. Nilitaka chupa ishuke ili mama yako akichungulia aone natumia. Nakuandikia na nashangaa kana kwamba nasimulia habari za mtu wa mtaa mwingine. Mtu amechoka kiasi kwamba randa limemshinda kuinua, anapata wapi akili ya kupanga uongo safi namna ile?

Yaliyofuata unayajua, lakini unayajua kwa upande wa mtungi. Mama yako alinikuta chini, hapa karibu na mlango, mdomo umekauka, naongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Hospitali wakauliza kama mzee alikuwa anatumia dawa. Mama yako akasema anatumia, chupa hii hapa, tazameni ilivyoshuka. Basi kama dawa imeingia mwilini na sukari imepanda, watu wafikirie nini? Wakauliza inahifadhiwa wapi. Mama yako akasema hatuna friji, inawekwa mtungini, kwenye mchanga wenye maji, kama tulivyofundishwa. Kila mtu akatikisa kichwa. Jua la Tabora mwezi huu, mchanga umekauka, dawa imeungua. Ikawa ndiyo habari yenyewe, mpaka majirani wakaja kunipa pole ya mtungi.

Nawe ukafika kutoka Lusu, vumbi la njiani bado liko kwenye mtandio. Ukanishika miguu ukasema, "Nisamehe baba. Nilimwagia maji haraka haraka, sikuhakikisha." Ulilia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani.

Nilikuwa macho, Zainabu. Nilikuwa na dripu mkononi na masikio yangu yote mawili yalikuwa mazima. Nikafumba macho nikajifanya nimelala. Hilo ndilo linalonishtua kuliko kumwaga dawa. Kumwaga dawa nilijifanyia mwenyewe. Kukuacha ulie kwa ajili ya mtungi, hilo nilikufanyia wewe.

Sasa utauliza kwa nini. Nami nimejiuliza, na jibu limekuja vipande vipande.

Nilipoambiwa mara ya kwanza kwamba nina sukari, nilicheka. Nilijua sukari ni ugonjwa wa watu wa vitambi na magari, si fundi anayesukuma randa kutwa na kula michembe, viazi vyetu vikavu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako nimeshauriwa kupunguza chai. Vidonge nikavitia mfuko wa koti, vikakaa humo mpaka vikasagika. Baadaye vidonge vikawa havitoshi wakaleta habari ya sindano, na hapo sikucheka tena. Kwa akili yangu sindano ilikuwa hatua ya mwisho kabla ya sanda. Nikasema sijichomi. Wakati ule ulikuwa umemaliza chuo, unasubiri ajira, unafundisha watoto wa jirani kwenye ukumbi wetu. Ukasema, "Nitamchoma mimi." Ikawa asubuhi wewe, jioni wewe, mvua wewe, Idi wewe. Wenzako wanakwenda kutembea, wewe unaangalia saa kwa sababu ya tumbo la baba yako.

Nami nikakuachia. Watu walinisifu kwamba nina binti mwenye huruma, na nilikubali sifa. Hakuna aliyesema kwamba fundi amempa mtoto ugonjwa wake ambebee. Sikuutaka ule ugonjwa mikononi mwangu, basi. Nilikuwa nageuza uso ukinichoma, unakumbuka? Ulidhani naogopa maumivu. Nilikuwa sitaki kuona.

Halafu kuna sinia. Hili sijamwambia mtu, hata daktari, kwa sababu niliona aibu lilivyo dogo. Kwenye harusi ya binti wa jirani yetu, sinia la pilau lilipotua, wanaume tuliolizunguka hawakulitazama pilau, walinitazama mimi. Mmoja akasema, "Fundi, wewe si una chako nyumbani?" Alisema kwa wema kabisa. Mwingine akanisogezea kachumbari. Nikala kachumbari nikacheka nao, na nilipoondoka nilijua sitakaa tena kwenye sinia la watu. Sikukaa. Tangu utoto wangu nimekula na watu, mkono wangu na mikono yao, sasa nikawa na kibakuli changu na dona langu na mchicha wangu, na mama yako amesimama pembeni anahesabu matonge kwa macho. Hakukosea. Wewe pia hukukosea uliponifichia sukari kwenye kopo la chumvi. Lakini kidogo kidogo nikawa mtu wa kuchungwa kwenye nyumba niliyoijenga.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuondoka moja moja, sikuona yakiondoka. Kahawa ya barazani niliacha. Mpira redioni niliacha. Mbao za mninga zikiletwa, zamani nilikuwa nazigeuza geuza kama mtu anayechagua mchumba, sasa nikawa nasema ziweke pale. Nilikuwa naamka kabla ya alfajiri na kulala kitandani nikitazama kenchi za paa, sifikirii kitu. Wewe uliniuliza mara nyingi, "Baba, unaumwa?" Nikajibu, "Sijambo." Mama yako alipoona simtazami, sili, na nimekuwa mkimya, alifikia uamuzi wake: nina mke mwingine mtaa wa Ipuli. Alituma watu wakachunguze. Pole yake, walirudi mikono mitupu. Ustadhi naye aliitwa akanisomea, na Mungu amlipe, siku hiyo nilipumua. Lakini baada ya siku chache nikawa pale pale, na sasa nikiwa na deni jingine moyoni, kwamba hata dua haikunisaidia, basi imani yangu ndiyo mbovu.

Nilikuwa na watu wa kuwaambia, na sikumwambia hata mmoja. Nimefikiri sana kwa nini. Babu yangu, ambaye hukumkuta, alikuwa mtoto wa mpagazi. Baba yake alibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani na kurudi, kwa njia hii hii yanayopita mabasi. Babu alitusimulia kwamba mpagazi akiugua njiani hasemi. Akisema, mzigo wake wanagawana wenzake waliochoka kama yeye, na yeye mwenyewe anaachwa chini ya kivuli na maji kidogo, msafara unaondoka. Kwa hiyo mtu alitembea na homa yake, na kuhara kwake, na kidonda chake, huku anaimba na wenzake, mpaka afike au aanguke. Babu alisimulia hayo kwa fahari. Baba yangu naye aliyasimulia kwa fahari, na yeye alikufa kwa ugonjwa ambao hatukuujua mpaka leo, kwa sababu kila tulipomuuliza alikuwa hajambo. Mimi nimekusimulia wewe ukiwa mdogo, hapa hapa karakana, na nakumbuka nilipiga kifua. Ningekuwa na uwezo ningeufuta usimulizi ule kichwani mwako kwa msasa.

Sasa nikueleze Mzee Kondo alifanya nini, maana unadhani alinipeleka kutazama mbao.

Unamjua Mzee Kondo na mdomo wake. Tangu alipokuja Tabora na kazi ya reli akaoa hapa akabaki, sijapata kusikia neno la maana likitoka kwake kuja kwangu. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, watani tangu enzi za hao wapagazi waliokwenda kula kwao, kuugua kwao na kuzikwa kwao. Anaweza kuja msibani kwetu akadai pesa kwa maiti, na hakuna wa kumkasirikia. Basi siku chache baada ya kutoka hospitali alikuja hapa na bakora yake na kanzu yake nyeupe. Wewe ulikuwa umekwenda kupiga picha za barua ya ajira. Mama yako alikuwa mlangoni.

"We Mnyamwezi umerudi?" akasema. "Mimi nilishamwambia mke wangu aoshe sufuria la ubwabwa."

Mama yako akacheka akaingia ndani kumwekea kahawa. 

"Na mguu je? Nasikia nyie watu wa sukari mnaondoka kwa mafungu. Kwanza kidole, halafu mguu, halafu mwenyewe. Sasa wewe si fundi, uuchongee kisanduku chake tuuzike kwa heshima. Nije lini na jembe?"

Miaka yote hiyo jibu langu linajulikana. Ningemwambia aje na jembe kubwa, tutaanza kuuzika mdomo wake, kaburi lake lina kazi. Alikuwa ameshaanza kucheka akilisubiri.

"Njoo Ijumaa," nikamwambia. "Na usije kwa ajili ya mguu. Njoo kwa ajili yangu mzima."

Akacheka kidogo. Halafu akanitazama.

"Unasemaje?"

"Nasema njoo Ijumaa."

Zainabu, yule mzee hajawahi kuniita jina langu. Sijui hata kama nilifikiri analijua. Aliegemeza bakora kwenye benchi, akasema taratibu, "Ramadhani, huo si utani."

"Najua."

"Unataka kufa?"

"Sitaki kufa. Nimechoka kuwepo."

Akakaa chini kwenye maranda, na kanzu yake nyeupe hivyo hivyo. Nilishtuka kumwona pale chini kuliko nilivyoshtuka na maneno yangu. Mtani wangu, mtu ambaye kazi yake kwangu ni kutokuwa na huruma, amekaa chini anavuta pumzi kama aliyekimbia. Ndipo nilipomwambia habari ya chupa. Yeye ndiye wa kwanza. Nilimwonyesha kwa kidole mahali nilipokuwa namwaga.

Akauliza, "Mtoto anajua?"

"Anadhani ni mtungi."

"Na wewe unamwacha adhani hivyo?"

Hakungoja jibu. Alinyanyuka, akamwambia mama yako kuna mbao nzuri zimeingia mjini, akasimamisha bajaji. Njiani hakutania hata mara moja. Nilitamani atanie.

Tulishukia hospitali, na daktari alikuwa binti, rika lako. Aliniamkia kwanza, nikaitikia marahaba, nikaona ni haya tupu kumweleza mtoto kama huyu mambo kama yale. Hakuanza na sukari. Aliniuliza nalalaje. Aliniuliza kuna kitu gani nilikuwa nakipenda ambacho sasa sikipendi. Nikamwambia mninga. Ukiranda mninga unatoa harufu, na tangu nimejifunza kazi hii harufu ile ilikuwa inanifurahisha kila asubuhi, lakini sasa naranda na sisikii kitu. Akauliza, "Baba, umewahi kuona ni afadhali usingekuwepo?"

Nilimtazama Mzee Kondo. Yeye akatazama dirishani.

"Ndiyo," nikasema.

Nilidhani atapiga kelele, au ataita polisi, au ataniambia nimuogope Mungu. Hakushtuka. Mimi ndiye niliyeshtuka, kwa sababu alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia mwenzake ana kikohozi. Akasema hiyo inaitwa sonona. Akasema ni ugonjwa, na watu wenye sukari huupata sana, kwa sababu sukari ni mzigo usiotuliwa: kila siku kupima, kila siku kujinyima, kila siku kuogopa mguu. Moyo unachoka, na ukichoka mtu anaacha dawa, na akiacha dawa mwili unazidi kuharibika na moyo unazidi kuzama. Nikamuuliza kama si uvivu. Akasema si uvivu. Nikamuuliza kama si upungufu wa imani. Akasema, "Baba, mbona ulipopata sukari hukuuliza hivyo?"

Jambo linalonizunguka kichwani mpaka leo ni kwamba lilikuwa na jina. Muda wote ule nimelala natazama kenchi nikijiona mtu mbaya, mtu wa ajabu, mtu pekee wa namna hiyo Tabora nzima, kumbe kuna jina lake na kuna siku ya kliniki yake. Kwenye benchi la kusubiri, nje ya chumba cha daktari, palikuwa na mzee mmoja wa Ntalikwa, mkulima, ana sukari kama mimi. Tulipotoka alinitazama macho yangu yalivyovimba, akasema tu, "Na wewe?" Nikasema, "Na mimi." Akasogea nikakaa. 

Kabla sijaondoka yule daktari aliuliza nani ananichoma. Nikasema binti yangu. Akauliza, "Akiolewa? Akipata kazi?"  Ile barua ya Tunduru ilikuwa imeshafika, ipo juu ya kabati letu, na sote tulikuwa tunaisherehekea, na mimi sikuwa nimefikiri hata kidogo nani atanichoma ukishaondoka. Au labda nilikuwa nimefikiri, na jibu lake ndilo lililokuwa linamwagika kwenye maranda.

Tangu siku ile najichoma mwenyewe. Umeniona. Umesimama mlangoni ukinihesabia kama mwalimu wa mazoezi, ukidhani nazoea kwa ajili ya safari yako. Vidonge vingine vile vya jioni, ambavyo nilikwambia ni vya presha, ni vya sonona. Huo nao ulikuwa uongo, na nadhani ndio wa mwisho, maana sina mwingine uliobaki.

Nilikuwa nimepanga kukwambia haya ukishafika, kwa simu, taratibu. Lakini jana mama yako alinijia hapa akasema umemwambia huendi. Akasema umemwambia, "Mama, nikiondoka baba atakufa. Nimeshamuua nusu mara moja kwa uzembe wangu, sirudii."

Nimeuguza, nimezika, nimeanguka sakafuni, nimelala na dripu. Hakuna kilichonipiga kama maneno hayo. Umesubiri ajira hii tangu ulipotoka chuo. Nimekuona ukifungua simu kila yalipotoka majina ya walioajiriwa na kuifunga kwa sababu lako halimo. Ukikosa kuripoti nafasi anapewa mwingine, na hakuna wa kukuita tena. Na wewe uko tayari kuiacha kwa sababu ya mchanga wa mtungi ambao haukuwa na kosa. Mtu mzima nimekaa kimya wiki nzima, nimekuacha uubebe mzigo wangu mwingine, mzito kuliko ule wa sindano, na hata hukujua ni wa nani.

Mama yako nimemwambia leo baada ya sala ya alfajiri.  Alichukua ungo akaenda kupepeta mchele, akaumaliza, akaanza kuupepeta upya. Baadaye akarudi, akasimama mbele yangu akasema, "Bora ingekuwa Ipuli." Tukacheka, Zainabu, tukacheka kweli, halafu akalia na kunipiga kifuani kwa ngumi mpaka akachoka. Amesema atajifunza kushika sindano hata kama atafumba jicho moja. Mzee Kondo naye anakuja kila asubuhi, anakaa pale mlangoni, anatazama ninavyojichoma huku akinitukania ukoo. Utani umerudi, lakini hagusi tena habari ya mguu, na sikumkataza mimi.

Kuna hili moja ninaloliogopa. Nikikueleza ukweli kwamba nilitaka kuondoka duniani, unaweza kusema basi ndiyo kabisa siendi, nitakaa nimlinde. Nikiuficha, utaondoka ukiwa umebeba mtungi mgongoni maisha yako yote, au hutaondoka kabisa. Nimezunguka na hilo tangu jana. Nimeona kwamba uongo umeshajaribiwa katika nyumba hii na tumeona ulipotufikisha.

Siwezi kukuahidi kwamba nimepona. Daktari amesema itachukua muda na kuna siku zitakuwa mbaya. Siwezi kukuahidi kwamba sitahuzunika ukiondoka, nitahuzunika sana, hiyo ni haki yangu kama baba. Ninachokuahidi ni kwamba ukinipigia simu ukauliza hali yangu, nitakwambia hali yangu. Ikiwa mbaya nitasema ni mbaya, na nitakutajia nimemwambia nani mwingine, ili usijione uko peke yako na mimi huko mbali. Na wewe ufanye hivyo hivyo kwangu. Tunduru ni mbali, ualimu ni kazi ngumu, na una damu ya hao watu waliokuwa wanatembea na homa wakiimba. Siku moyo ukikuzama, usiniambie hujambo. Niambie mimi, au mama yako, au jirani, au hata mtani utakayempata huko. Sitakwambia umuogope Mungu na sitakwambia ujikaze. Nitakusikiliza tu, maana sasa najua namna inavyokuwa.

Kukasirika una haki. Ukinikasirikia, usifanye kwa adabu. Nilikuacha ulie, na hilo halifutiki kwa sababu nimekuandikia vizuri.

Nilifikiri niiweke barua hii kwenye begi lako uisome njiani, ukishapita Manyoni, ambapo huwezi kurudi. Nikaona huo nao ni ujanja. Kwa hiyo naileta sasa hivi, jua bado lipo, nakupa mkononi, halafu narudi hapa karakana kukusubiri. Isome yote, kisha uje. Utakuja na swali moja, nalijua, na utashindwa kulitamka, kwa hiyo nakujibu kabla hujauliza. Bado natamani kufa? Jana asubuhi, ndiyo, kidogo, kwa muda wa kuvaa viatu. Leo hapana. Kesho sijui, na kesho nitakwambia kwa simu, ukiwa ndani ya basi.

Baba yako,
Ramadhani